Wivu wa Msimulizi katika Riwaya ya Rebecca

Utangulizi

Mara nyingi wahakiki wanapouzungumzia wivu katika fasihi huutazama kama dhamira. Mhusika fulani ameshikwa na wivu, wivu huo unamwongoza kwenye maangamizi, na msomaji anafunzwa kuuogopa. Mfano unaotajwa zaidi ni Othello, tamthilia ya Shakespeare. Lakini mtazamaji wa tamthilia hiyo hukaa nje ya wivu wa Othello. Anamsikia Iago akipanga hila zake, anaiona leso ikiokotwa, na tangu mwanzo anajua kuwa Desdemona hana hatia. Kwa hivyo aonapo wivu ukikua jukwaani, yeye mwenyewe hauingii.

Mambo hubadilika pale ambapo mwenye wivu ndiye msimulizi. Hapo msomaji hana jicho jingine la kutazamia. Analoambiwa ameambiwa na mtu ambaye moyo wake hauko huru, na lile asiloambiwa hana njia ya kulijua isipokuwa kwa kulitafuta kwa bidii katikati ya maneno ya mtu huyo huyo. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo katika riwaya ya Rebecca ya Daphne du Maurier, iliyotolewa mwaka 1938. Hoja kuu ni kwamba wivu katika riwaya hii, zaidi ya kuwa dhamira, ni mbinu ya usimulizi, na kwamba mbinu hiyo inamfikisha msomaji mahali ambapo anapokea habari za mauaji kwa moyo mweupe. Mwishoni yatatazamwa matatizo ambayo mtafsiri wa Kiswahili angekutana nayo, kwa kuwa matatizo hayo yanaifunua mbinu yenyewe.

Riwaya na kisa chake

Rebecca ni riwaya ya kigothiki. Mkondo huu wa fasihi ulianzia Uingereza katika karne ya 18. Horace Walpole alitoa The Castle of Otranto mwaka 1764, na katika toleo la pili la mwaka 1765 akaiita hadithi ya kigothiki. Tangu hapo mambo ya mkondo huu yamekuwa yakijirudia: jumba la kale, siri ya ukoo, msichana mgeni asiye na mtetezi, na wafu wasiokubali kuwa wafu. Katika Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847) mke wa kwanza yu hai, amefichwa orofani. Anacheka, anauma, na hatimaye anaichoma nyumba. Du Maurier ameipokea sura hiyo na kuigeuza. Rebecca amekwisha kufa kabla kisa hakijaanza. Hana mwili, hana sauti, ana vitu vyake tu na maneno ya watu juu yake.

Du Maurier (1907–1989) alianza kuiandika riwaya hii mjini Alexandria, Misri, mwaka 1937, wakati mumewe, aliyekuwa mwanajeshi, akitumikia huko. Yeye mwenyewe aliieleza kuwa ni uchunguzi wa wivu. Walioandika habari za maisha yake wamesimulia pia jinsi alivyosumbuliwa moyoni na mchumba wa zamani wa mumewe. Jambo hilo linatosha kutajwa, lakini halielezi ufundi wa riwaya, na hapa halitafuatwa zaidi.

Kisa chenyewe ni hiki. Msichana maskini, ambaye jina lake halitajwi hata mara moja, ni mtumishi wa kumfuata Bibi Van Hopper, tajiri wa Kimarekani aliyekuja kustarehe Monte Carlo. Huko anakutana na Maxim de Winter, mwungwana wa Kiingereza wa makamo, ambaye inasemekana mkewe alizama baharini. Wanaoana kwa haraka. Anapelekwa Manderley, jumba la ukoo wa de Winter lililo karibu na bahari, ambamo mambo yote yanaendeshwa na Bibi Danvers, mtunzaji wa nyumba aliyempenda Rebecca kupita kiasi. Bibi arusi anashindwa kuwa mwenye nyumba. Kila anapogeuka anamkuta Rebecca. Kisha mashua ya Rebecca inagunduliwa chini ya bahari na maiti yake ndani. Hapo Maxim anaungama kuwa hakuwahi kumpenda mke huyo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyempiga risasi akaizamisha mashua. Uchunguzi wa serikali unaamua kuwa Rebecca alijiua. Yanatokea mengine ya kumtishia Maxim, naye anaokoka. Lakini wanaporudi kutoka London usiku wanaikuta Manderley ikiwaka moto.

Wivu na jamaa zake

Kabla ya kuendelea yafaa neno lenyewe liangaliwe. Kiswahili kina maneno kadhaa katika uwanja huu. Kijicho ni uchungu wa kuona mwenzio ana kile usicho nacho. Husuda ni zaidi ya hapo. Hasidi hutaka mwenziwe akipoteze hata kama yeye hatakipata. Ngoa ni neno la zamani lenye tamaa na wivu pamoja, na hata leo alia ngoa ni yule anayetamani huku akiumia. Wivu una uwanja mpana kuliko yote hayo, lakini maana yake ya ndani zaidi inahusu kitu ambacho mtu anakihesabu kuwa ni chake na anaogopa kuporwa, hasa mapenzi.

Msimulizi wa Rebecca ana hali hizi zote, nazo humjia kwa zamu. Anamwonea Rebecca kijicho kwa uzuri, ujasiri na malezi yake. Anamwonea wivu juu ya Maxim. Na inapodhihirika kwamba Rebecca alikuwa mtu mwovu, furaha anayoipata ina harufu ya husuda. Hali yake inakaribia kile ambacho jamii zetu hukiita ukewenza, ila huu ni ukewenza wa ajabu: mke mdogo amekuja katika nyumba ambayo mke mkubwa yu kaburini, na bado anahesabu zamu. Mke mwenza aliye hai huonekana. Hukasirika, huchoka, huzeeka, na mwenzake akamjua kuwa ni mtu. Aliyekufa hazeeki. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Katika Manderley methali hiyo imepinduliwa, maana asiyekuwapo ndiye mwenye kila kitu, kuanzia chakula kinachopikwa hadi maua yanayowekwa vyumbani.

Kutoka kwenye kitu hadi kwenye yakini

Swali la kiufundi ni hili: msimulizi anawezaje kumwonea wivu kwa nguvu kiasi hicho mtu ambaye hakumwona kamwe? Riwaya inajibu kwa kuonyesha mwendo wa hatua tatu ambao hurudiwa tena na tena.

Hatua ya kwanza ni kitu. Huko Monte Carlo msimulizi anaazimwa kitabu cha mashairi, na ndani yake anaona jina la Rebecca limeandikwa kwa mkono wenye nguvu, herufi ya kwanza ikiwa kubwa kuliko nyenzake. Huko Manderley anavalishwa koti la mvua la mtu mwingine, na mfukoni anakuta leso yenye alama ya rangi ya midomo na harufu iliyofifia ya maua. Katika chumba cha asubuhi anakuta meza ya kuandikia iliyopangwa vizuri mno.

Hatua ya pili ni dhana. Kutokana na urefu wa koti anakisia kimo cha mwenyewe. Kutokana na mwandiko anakisia tabia. Kutokana na meza anakisia jinsi siku za marehemu zilivyokwenda.

Hatua ya tatu ndiyo yenye hatari. Dhana inageuka kuwa yakini bila ya ushahidi wowote mpya kuongezwa. Hatua hizi zaweza kuonyeshwa kwa sentensi za Kiswahili zilizotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu: huenda aliketi hapa, bila shaka aliketi hapa, hapa ndipo alipokuwa akiketi kila asubuhi, na Maxim akija kumtazama. Katika sentensi ya kwanza msemaji anajua kuwa hajui. Katika ya tatu amekwisha kusahau, na tena amemwongeza Maxim, ambaye hakuwamo katika dhana ya awali. Hivi ndivyo wivu unavyotunga hadithi. Huanza na kitu cha kweli, na kwa sababu kitu ni cha kweli, msomaji haoni mahali ambapo ukweli umekoma.

Upeo wa mwendo huu unaonekana mezani, siku chache kabla ya karamu ya mavazi. Msimulizi amekaa kimya na mumewe, na akilini mwake amekuwa Rebecca: anapokea simu, anacheka, anajibu kwa maringo. Maxim anashtuka na kumuuliza anafanya nini, kwa kuwa uso wake umekuwa ukibadilika. Mwigo umetoka moyoni ukafika usoni. Hapo mwandishi anatufungulia dirisha dogo, maana kwa mara moja tunamwona msimulizi kwa macho ya mtu mwingine, na tunachokiona si msichana mpole aliyeonewa. Maxim hapendezwi na anachokiona, naye ana sababu ambayo msimulizi haijui bado.

Kisa cha simu kina mafunzo kama hayo. Katika siku zake za kwanza simu ya ndani ya nyumba inalia, na sauti inamwita Bibi de Winter. Anajibu kwa fadhaa kuwa Bibi de Winter alikwisha kufa. Kumbe ni Bibi Danvers, naye alikuwa akimtaka yeye. Tukio hili husomwa kama kichekesho kidogo cha haya, lakini lina uzito zaidi. Hakuna aliyemnyang'anya cheo chake wakati ule. Alikitoa mwenyewe.

Mashahidi wasiosikizwa

Kama wivu ungekuwa umefunga kila njia, msomaji angekuwa hana budi kudanganyika. Lakini du Maurier ameweka ndani ya riwaya ushahidi wa kutosha wa kumwokoa msomaji makini. Ushahidi huo msimulizi anautaja kwa kinywa chake, lakini hausikii.

Beatrice, dada yake Maxim, anamwambia mapema kwamba yeye ni tofauti sana na Rebecca. Msimulizi anayachukua maneno hayo kuwa hukumu ya upungufu wake, ingawa yanaweza pia kuwa pumzi ya faraja kutoka kwa mtu aliyemjua marehemu. Ben, mtu punguani anayezunguka pwani, anaonyesha hofu kubwa juu ya mwanamke fulani mrefu aliyemtisha. Ben hana sababu ya kusema uongo wala akili ya kuutunga. Hata hivyo ushahidi wake unapita kama upepo.

Shahidi mkubwa ni Frank Crawley, msimamizi wa mashamba. Msimulizi anamweleza unyonge wake, na Frank anamjibu kwamba wema, unyofu na staha vina thamani kubwa kwa mume kuliko uzuri na ucheshi wote wa dunia. Maneno hayo, yakitoka kwa rafiki wa karibu kabisa wa Maxim, ni karibu kumwambia siri yote. Lakini msimulizi ana swali moja tu analotaka kuuliza: je, Rebecca alikuwa mzuri? Frank hawezi kusema uongo, anakiri kuwa alikuwa mzuri mno. Na hilo ndilo peke yake analoondoka nalo. Mwenye wivu huuliza maswali mengi, lakini katika majibu yote huchagua lile litakalomchoma. Msomaji anayesoma kwa mara ya kwanza huchagua pamoja naye.

Ungamo na furaha yake

Sasa yafaa kulitazama tukio ambalo juu yake riwaya nzima imejengwa. Maxim anaeleza kuwa alimchukia Rebecca. Kwamba ndoa yao ilikuwa ni maonyesho kwa ajili ya watu. Kwamba Rebecca alimcheka usoni na kumwambia atazaa mtoto wa mtu mwingine atakayerithi Manderley. Kwamba yeye akachukua bunduki akamwua. Baadaye itabainika kuwa Rebecca hakuwa na mimba bali saratani, na ya kuwa huenda alimchokoza mumewe makusudi ili amwue.

Mke anayasikia maungamo haya. Anajua kuwa mume wake ni mwuaji. Na linalomjaa moyoni ni wepesi na uhuru, kwa sababu jambo moja limekuwa wazi: Maxim hakumpenda Rebecca. Mauaji yamekuwa habari ya pembeni. Kuanzia saa hiyo msichana anakomaa, anamsaidia mumewe kuficha, na anaogopa kila shahidi anayekaribia ukweli.

Mhakiki hana budi kuuliza msomaji naye yuko wapi wakati huo. Kwa sura nyingi amepata taabu pamoja na msimulizi, ameona haya naye juu ya sanamu ya kauri iliyovunjwa na kufichwa, amefedheheka naye katika vazi la karamu alilotegeshewa na Bibi Danvers. Anapofika kwenye ungamo amekwisha kuuchukua wivu huo kuwa wake. Kwa hiyo naye anafurahi, na katika uchunguzi wa kifo anaomba mwuaji aokoke. Hakuna hoja yoyote iliyotolewa kuthibitisha kwamba Rebecca alistahili kufa. Habari za uovu wake zinatoka hasa kwa mtu aliyemwua, na zinapokewa na mtu aliyekuwa akingoja kwa hamu kuzisikia.

Filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1940 ni ushahidi mzuri wa uzito wa jambo hili. Kanuni za maadili zilizotawala filamu za Marekani wakati ule hazikuruhusu mtu amwue mkewe na kuachwa bila adhabu. Kwa hiyo katika filamu Rebecca anaanguka, anajigonga kichwa, anakufa kwa ajali. Badiliko hilo linamtakasa Maxim, lakini pia linamtakasa mke wake. Mke wa kwenye filamu anafurahi kuwa mumewe hakumpenda mwingine. Mke wa riwayani anafurahi vivyo hivyo juu ya maiti iliyopigwa risasi, na msomaji hana kanuni ya kumsaidia.

Msimulizi anayejua

Kuna jambo moja zaidi ambalo husahauliwa kwa urahisi. Riwaya inaanza mwishoni. Msimulizi na Maxim wanaishi ugenini, wakihama hoteli moja hadi nyingine, na Manderley imekwisha kuteketea. Maana yake ni kwamba anapoanza kusimulia anajua kila kitu. Anajua Rebecca alikuwa nani na alikufaje. Hata hivyo anamrudisha msomaji katika ujinga wake wa zamani na kumpitisha katika kila jeraha, akiizuia siri hadi karibu na theluthi ya mwisho.

Yawezekana kusema kuwa hii ni kawaida ya hadithi za fumbo. Lakini usimulizi wa nafsi ya kwanza hauna uchaguzi usio na mwenyewe; kila linalofichwa limefichwa na msimulizi. Kwa kuupanga wivu mbele na mauaji nyuma, msimulizi anampa mumewe utetezi mzuri kuliko ule ambao mwanasheria yeyote angeuweza. Na wivu wenyewe haujafa. Bado anaota njozi za Manderley, na kitabu anachokisimulia, ambacho hakina jina lake yeye, kimebeba jina la mwanamke yule mwingine.

Du Maurier alilirudia tatizo hili katika My Cousin Rachel (1951), safari hii msimulizi akiwa mwanamume, Philip Ashley. Humo msomaji haambiwi kamwe kama Rachel alikuwa mwuaji au mke asiye na hatia, na shaka ya Philip inaishia katika kifo cha Rachel, ambaye hakuonywa juu ya daraja bovu. Riwaya hiyo ya baadaye inatia mashaka katika usomaji wa ile ya kwanza. Kama Philip aliweza kukosea, kwa nini mke wa Maxim aaminiwe?

Matatizo ya mtafsiri

Anayekusudia kuifasiri Rebecca kwa Kiswahili atakutana na vikwazo vitatu vyenye mafunzo.

Cha kwanza ni kiwakilishi. Kiingereza kinatofautisha mwanamke na mwanamume katika nafsi ya tatu, na watu wa Manderley humtaja Rebecca mara kwa mara kwa kiwakilishi hicho tu, bila jina, na kila mmoja akajua nani anayesemwa. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibagui. Alipenda maua haya yaweza kuwa Maxim, yaweza kuwa Rebecca. Mtafsiri akilitaja jina kila mara atauvunja ule mnong'ono. Pengine msaada uko katika kionyeshi yule, ambacho huelekea kwa mtu aliye mbali lakini anayejulikana na wasemaji wote wawili. Yule ndilo neno la Kiswahili linalomfaa Rebecca zaidi.

Cha pili ni adabu ya kuwataja wafu. Mswahili husema marehemu. Lakini kila marehemu Rebecca ingekuwa ni kumzika tena, na msimulizi hajaweza kumzika. Ingefaa neno hilo litiwe vinywani mwa wahusika walio huru naye, kama Beatrice na Frank, na lisiwemo katika maneno ya msimulizi wala ya Bibi Danvers. Hivyo tofauti ambayo haimo katika Kiingereza ingeongeza nuru katika tafsiri.

Cha tatu ni kukosekana kwa jina. Msomaji wa Kiingereza huona ajabu mhusika mkuu kukosa jina. Kwetu mke huweza kuishi miaka mingi akiitwa mke wa fulani au mama fulani bila kudhani amepungukiwa, kwa kuwa kutolitaja jina ni heshima. Lakini msimulizi hana mtoto wa kumpa jina la mama, na cheo cha Bibi de Winter anakishirikiana na mfu. Yafaa mtafsiri aliweke hilo wazi, la sivyo umaskini wa msimulizi utaonekana kuwa ni adabu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa wivu katika Rebecca unafanya kazi ya usimulizi: unachagua vitu, unavigeuza dhana kuwa yakini, unawanyamazisha mashahidi, na hatimaye unambadilisha msomaji awe mshirika. Somo lake halihusu fasihi ya Kiingereza pekee. Riwaya ya Kiswahili nayo ina wasimulizi wa nafsi ya kwanza, mfano wake ukiwa Kazimoto wa Kichwamaji (1974) ya E. Kezilahabi, na uhakiki wetu umezoea kuyachukua maneno yao kuwa ni maelezo ya hali ya jamii. Yapasa kwanza kuuliza anayesema anataka nini, anamwogopa nani, na ni nani katika kisa chake ambaye hakupewa nafasi ya kujibu. Katika Rebecca aliyenyimwa nafasi hiyo ni mwanamke aliyeuawa, na wasomaji wengi wamefunga kitabu bila kumkumbuka.